Mpira Uliopakwa Samli

Waisiko aliamka na kitendawili mdomoni, kama kawaida yake.

"Nyoka wangu hali, hanywi, ila hutapika maji."

"Mpira wa maji, mama," alijibu mkwe wake, Rhobi. "Hicho ulikitega na jana."

"Basi umeninyima mji."

Nyumbani kwao Gorong'a, mpira mweupe ulileta maji kutoka chemchemi ya mlimani. Ulipita juu ya mawe, juani. Rhobi alikuwa na mimba kubwa. Bila mpira, angepanda mlima na kushuka na ndoo kichwani, kwenye mawe yanayoteleza.

Siku hiyo maji hayakufika. Waisiko akaufuata mpira taratibu. Akaukuta umepasuka. Alipoushika, ulivunjika kama ganda la yai.

"Umekauka," alisema.

Ngozi ikikauka hupakwa samli. Kibuyu nacho hupakwa. Waisiko akachukua samli, akaupaka mpira wote. Mwanawe, Mniko, akafunga nyufa kwa tyubu ya baiskeli.

"Mama, mpira huu unanukia kuliko bwana harusi."

"Cheka tu. Ngozi aliyolalia baba yako niliitunza hivi hivi."

Wiki haikuisha, mpira ukapasuka kwingine. Jioni Waisiko akamwona Rhobi anashuka na ndoo. Mguu ukateleza. Rhobi akashika mti, hakuanguka. Maji yote yakamwagika.

Usiku ule Waisiko hakutega kitendawili. Asubuhi akamwita jirani yao Rose, fundi bomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa wako yuko mlimani. Nimempaka samli, hajapona."

Walipofika huko, Rose akafukua kipande cha mpira kilichofunikwa na udongo. Akakikunja. Hakikuvunjika.

"Mpira ni uleule," alisema. "Hiki hakikuona jua. Kile kilichopasuka kimeliwa na jua."

"Na samli yangu?"

"Samli inakaa juu tu. Mama, chapati ikishaiva, ukinyunyiza chumvi, inaingia ndani?"

"Haiingii. Chumvi huchanganywa na unga."

"Na plastiki ya mpira huu ni hivyo hivyo. Kiwandani huyeyushwa kwa moto, kisha hutiwa dawa. Ipo dawa ya kuilinda na moto wa mashine. Ipo nyingine ya kuilinda na jua baadaye. Mara nyingi hii ya jua ni masizi. Ndiyo maana mabomba mengi ya nje ni meusi. Huu wenu ni wa ndani ya nyumba."

"Basi tuupake masizi ya chungu," Mniko alisema.

"Wewe na mama yako ni damu moja," Rose alicheka. "Dawa huingia plastiki ikiwa bado uji. Tena si kila cheusi ni kizuri. Dukani uliza bomba la maji ya kunywa, la kukaa juani. Penye udongo, lifukieni. Litadumu zaidi."

Mniko akanunua bomba hilo. Penye udongo walichimba, wakalifukia. Penye mwamba walilipitisha juu.

Kiangazi kilichofuata, maji bado yalitiririka uani. Rhobi alimwogesha mwanawe. Waisiko akampaka mtoto samli.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Nina wawili. Mmoja hupakwa mafuta kila siku. Mwingine alitiwa dawa kabla hajazaliwa."

Rhobi akamtazama mtoto. Kisha akalitazama bomba jeusi.

"Hicho nakijua," alisema. "Lakini leo nakupa mji."

"Basi nipe Mugumu," alisema Waisiko. "Wana bwawa."