Sweta Lililomsuta Tadei

Kiwiko cha sweta la Tadei kilinasa kwenye kona ya meza ya Jovina, katikati ya soko la Sumbawanga, asubuhi ya Julai yenye upepo wa kukata masikio. Uzi wa kijivu ukaanza kumfuata.

"Simama hapo hapo, kaka. Ukifika stendi utakuwa kifua wazi."

Jovina alikuwa mfumaji wa masweta ya shule; kitenge cha njano, koti la kiume juu yake. Alimzibia kiwiko huku akimtania. Tadei akasema sweta alifumiwa na mama yake, kwao Mpui. Jovina aliona kwamba aliyefuma kifua siye aliyefuma mkono wa kushoto, lakini kijana alikuwa na macho mazuri. Akanyamaza.

Wiki sita walipigiana simu kila jioni. Jovina alikuwa "fundi wangu", Tadei alikuwa "kiwiko". Kisha Tadei akasema Jumapili mshenga angepeleka barua ya posa Kasense, kwa baba yake Jovina. Akaapa nyumbani kwake hajawahi kukaa mwanamke. Siku aliyosema hayo alimwachia lile sweta, kiwiko kimefumuka tena.

Jovina alilitundika kitini. Kifua kilifumwa na mtu mwepesi, asiyekosea. Mkono wa kushoto ulijaa mafundo, vitanzi vingine vimebanwa, vingine vimelegea, kama aliyefuma alikuwa akitetemeka. Kila alipopita aliona kama kuna mtu amekaa pale, anasubiri kuulizwa. Akapiga simu.

"Tadei, sweta linakusuta. Limefumwa na watu wawili. Ni nani?"

Safari hii Tadei hakumtaja mama yake.

"Rosina. Mke wangu. Alikufa sindano zikiwa kwenye mkono ule. Nikaumalizia mimi, na kufuma sijui. Niliogopa ungekataa kuishi na kumbukumbu yake."

"Ninachokataa ni uongo. Mshenga asije."

Akakata.

Jumapili mshenga hakuja. Alikuja Tadei mwenyewe, mpaka mezani sokoni, akiwa na shati jepesi, midomo imepasuka kwa baridi. Akaomba ule mkono ufumuliwe, ufumwe upya, yaishe.

Jovina akamvalisha sweta. Kiwiko kilikuwa kimezibwa. Mafundo yalikuwepo yote.

"Sifumui. Kaa, nieleze Rosina alikuwa nani. Ukimaliza ndipo umtaje mshenga."

Tadei akakaa naye kwenye benchi, Jovina akashika sindano zake. Alianzia kwenye sauti ya Rosina, jinsi alivyokuwa akihesabu vitanzi kwa Kifipa, polepole, akirudia kila cha kumi.

Sindano za Jovina zikasimama. Hata yeye huhesabu hivyo. Akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu wa tatu.