Masikio ya Mapozi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, ua wa nyumba ile uligeuka kambi. Mama alikamua, Baba akavaa barakoa na glavu akampulizia ng'ombe dawa ya kupe, na binti yao aliachiwa masikio. Ndani ya sikio hapapulizwi. Hupakwa dawa ya mafuta kwa kidole chenye glavu, mkunjo kwa mkunjo, kwa sababu huko ndiko kupe hupenda kujibanza.

Binti huyo walimwita Chiriku, maana alipoamka yeye, mdomo ulikuwa umeshatangulia kuamka. Ng'ombe naye walimpa jina la Mapozi. Ndiye ng'ombe wao wa pekee, alikuwa na mimba, na alitembea kwa maringo kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Ila jambo moja hakulitaka kabisa, kuguswa masikio. Ukinyoosha mkono tu alirusha kichwa, na pembe zikapita karibu na pua yako.

Siku pembe hizo zilipomparua Chiriku begani, aliona atumie ujanja. Akawa anapaka dawa kwa nje tu, nyuma ya sikio, mpaka linang'aa. Ndani hakugusa. Baba, akiwa anasuuza pampu yake, alichungulia akasema, "Masikio yanang'aa! Huyu kweli ni mwanangu!" Sifa zilikuwa tamu, na Chiriku akazimeza bila kutafuna. Wiki zikapita hivyo.

Asubuhi moja Mapozi hakugusa majani. Alisimama ameinamisha kichwa, anakohoa kikohozi kizito. Chiriku alipomkumbatia shingoni alihisi joto kali. Mama akakamua, na maziwa hayakufunika hata kitako cha ndoo. Hapo wote watatu wakatazamana, na Baba akapiga simu.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mwenye sauti nene, na pikipiki yake ilikuwa na sauti nene kumshinda.

"Shikamoo, daktari," alisema Chiriku.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anasemaje?"

"Hasemi kitu," alijibu Baba. "Ndiyo shida yenyewe."

Daktari aliingiza kipimajoto mahali ambapo watu wenye heshima zao hawapataji, na Mapozi hakurusha hata teke. Kisha akamsikiliza mapafu na kumpapasa shingo.

"Homa iko juu sana. Kupe mnawadhibiti?"

"Kila wiki," Baba alisema kwa fahari. "Mwili napulizia mimi, masikio anapaka huyu binti. Upande huo hatuna wasiwasi."

"Basi tuanze na mapafu." Daktari akatoa chupa ya dawa na sindano. "Tezi zimevimba kidogo, lakini tezi huvimba kwa mengi. Asipopata nafuu, tutatafuta sababu nyingine."

Chiriku aliitazama ile sindano. Akisema, Baba ataaibika mbele ya mgeni, na yeye atakiona cha mtema kuni. Akinyamaza, Mapozi atachomwa dawa ya ugonjwa mwingine huku ule wa kupe unaendelea kumla. Alimwogopa Baba, lakini kumpoteza Mapozi aliogopa zaidi.

"Daktari, subiri!" Sauti ilimtoka kwa kishindo hata mwenyewe akashtuka. "Masikio sijayapaka. Napaka nje tu ili yang'ae. Ndani sijagusa tangu aliponiparua."

"Unasema nini wewe?" Baba alimgeukia.

Daktari hakungoja jibu. Alilishika sikio, akalipindua. Ndani kupe wa kahawia walikuwa wamepangana kama kunde kwenye ganda lake. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Baba alivuta pumzi kutaka kufoka, lakini daktari akainua mkono.

"Mzee, utamgombeza baadaye. Hivi sasa kaniambia kitu ambacho kipimajoto hakikuniambia."

Alichoma sindano nyembamba kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio, akavuta tone la majimaji na kulitandaza kwenye kipande cha kioo. "Wewe msema kweli," alimwambia Chiriku, "muage mama yako, panda pikipiki twende."

Kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye meza dirishani, na juu ya meza hadubini. Daktari alikitia rangi kile kioo, akakiacha kikauke, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akampisha Chiriku.

"Unaona nini?"

"Naona maduara ya zambarau. Ndani yake kuna vidoadoa vingi."

"Maduara hayo ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Vidoa ndivyo vimelea walioletwa na kupe. Ugonjwa huu ni ndigana kali."

"Sasa askari mbona hawawali hao vimelea?"

"Swali zuri. Vimelea wengine humkimbia askari. Huyu humwingia tumboni. Anamlazimisha askari azaliane ovyo ovyo, na kila askari akigawanyika, kimelea naye anagawanyika humo humo. Ndiyo maana tezi zinavimba. Jeshi linaonekana kubwa, kumbe limetekwa."

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," Chiriku alinong'ona.

"Mgeni huyu akija, mwenyeji haponi!" Daktari alicheka, akachukua chupa tofauti kabatini. "Dawa yake ninayo, ila hufanya kazi ikiwahi. Na leo tumewahi. Twende upesi!"

Mapozi akachomwa sindano ya ndigana. Baba alimfunga kichwa kwa kamba fupi kwenye nguzo, akamshika pua, na Chiriku akang'oa kupe na kupaka dawa kila mkunjo. Siku zilizofuata alimpelekea maji na majani mabichi, akimbembeleza ale. Mapozi alinusa tu, akageuza uso. Mama alianza kusema habari za kujiandaa kwa lolote.

Halafu, asubuhi moja, mlio mrefu wenye hasira ulitikisa zizi. Chiriku alitoka mbio bila viatu. Mapozi alikuwa amesimama wima, hori lake tupu, anadai chakula kwa ukali kama mwenye nyumba aliyecheleweshewa chai!

"Amepona! Mapozi amepona!" Chiriku alirukaruka mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Mama alicheka huku akifuta machozi.

Daktari alikuja, akapima, akatikisa kichwa kwa furaha. "Homa imekwisha, na ndama tumboni yu salama."

Chiriku alimsogelea baba yake. "Nisamehe, Baba. Niliogopa pembe."

"Ungeniambia unaogopa, ningemshika," alisema Baba. "Na mimi nina langu. Nilisifu nje, sikufunua ndani." Akamwekea mkono begani. "Kazi ya kuonekana si kazi, mwanangu. Lakini kumbuka na hili. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulikuwa umeyaficha, ukayafichua mwenyewe mbele ya watu, huku unaogopa. Mapozi yu hai kwa sababu hiyo."