Toleo la Saba Li Karibu

Mzee Shekigenda alikuwa akitafuna muhogo wa kuchoma na kugombana kwa wakati mmoja, na hakuna hata chembe ya muhogo iliyomtoka mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa, mataya yakienda taratibu kama ya ng'ombe aliyeshiba. Sauti, ile sauti yake nzito iliyojulikana mtaa mzima, ilitokea chini ya taya, kwenye kidude cha rangi ya shaba kisichozidi punje ya haragwe. Ilikuwa ikimwarifu jirani kwamba roboti wake wa kufagia akivuka mpaka tena na kusukumia taka upande huu, atarudishwa kwao ndani ya gunia.

"Tena gunia lenyewe bovu!" ilimalizia sauti, na mzee akakata kipande kingine cha muhogo.

Kidude kile kiliitwa mrithisauti. Katika mji wa Korogwe wa mwaka 2094, mji ambao mabibi zetu waliufahamu kwa machungwa ya barabarani na sisi tunaufahamu kwa viwanda vya kompyuta za mwilini, haikuwa ajabu tena mtu aliyepoteza koo kuendelea kusumbua majirani. Mrithisauti ni kompyuta kamili. Daktari huipandikiza chini ya taya, ikashikana na mishipa ya fahamu, na kwa siku arobaini haifanyi kitu ila kumsikiliza mwenyewe anavyosema. Siku ya arobaini na moja huanza kusema kwa niaba yake: mtu akinuia neno, mashine hulitamka kwa sauti yake. Wenye utani husema hiyo ndiyo arobaini pekee inayokaliwa marehemu akiwa bado anakula.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mashine isikie sauti ingali hai, kwani neno isilolisikia italitamka kwa sauti ya kiwandani, ya mwanamke asiyejulikana ni nani wala kwao wapi. La pili, mwili hupokea kompyuta moja tu. Ya pili huitapika.

Na toleo lililokuwa madukani, Toleo la Sita, lilikuwa na upungufu mmoja. Halikujua kucheka. Mzee Shekigenda akichekeshwa hadi machozi, kidude hutamka, "Nimefurahi," kwa lafudhi ya mtu anayesoma barua ya halmashauri.

Upungufu huo ndio uliomkosesha raha Mhandisi Hizza Mbelwa, nyumba ya tatu kutoka hapo.

"Umesikia?" alimwambia mkewe asubuhi hiyo, sikio likiwa dirishani. "Hata herufi ra inaiburuza. Toleo la Saba halitaburuza. Na litacheka."

Mkewe, Mwanjaa, alikuwa akimimina chai. "Baba Zahoro, mwenzio hana koo na anagombana vizuri kuliko mimi. Wewe unasikia ra." Aliishia hapo, akakohoa, akameza mate. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta.

Mwanjaa alikuwa mpiga mnada wa mashine kuukuu. Kwa miaka ishirini na sita, pale kwenye uwanja wa Manundu, alikuwa ameuza kwa mdomo wake kila kitu ambacho mji ulikichoka: roboti wa kupalilia, majokofu yenye maneno mengi, vitanda vinavyobembeleza. Wakati wa masika daktari alimwambia kwamba misuli ya koo lake inakufa, polepole lakini bila kurudi nyuma, na kwamba kabla ya vuli koo litakuwa kimya. Akamwandikia mrithisauti. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja: kwenda dukani, kuchagua, kupandikizwa, kurudi nyumbani kupika.

Miezi mitano ilikuwa imepita. Walikuwa bado wanachagua.

Hizza hakuwa mjinga, tumtendee haki. Alikuwa ameumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka kumi nyuma alinunua roboti wa kufua siku ya Jumatatu, akamtembeza mtaa mzima. Ijumaa likatoka toleo linalofua, linalopiga pasi na linalokunja. Shemeji yake akalinunua, akaja nalo kula chakula cha mchana, likakunja leso za wenye nyumba bila kuombwa. Tangu siku hiyo Hizza aliapa hatanunua tena kompyuta yoyote bila kujua nini kinafuata nyuma yake. Kila akijua kinachofuata, ilimbidi ajue kinachofuata baada ya hicho. Nyumba yao, nyumba ya mhandisi wa kompyuta, ilikuwa na jiko la mkaa.

Basi aliposikia habari ya koo la mkewe, jambo la kwanza alilofanya ni kupiga simu kwa wakala wa kiwanda. Simu ilipokewa na mwitikiaji, ile mashine ya adabu inayopokea simu za watu.

"Toleo la Saba linatoka lini?" aliuliza Hizza.

"Karibu," alijibu mwitikiaji.

Moyo wa Hizza uliruka. "Karibu kiasi gani?"

"Karibu sana."

"Baba Zahoro!" Mwanjaa aliita kutoka jikoni, wakati huo sauti yake ingali ya mnadani. "Waambie wanipe hilo lililopo!"

"Ngoja kwanza! Ndugu, unasema kweli?"

"Karibuni," alisema mwitikiaji. "Karibuni sana."

Hizza alikata simu uso umekunjuka kwa furaha, kama mtu aliyenong'onezwa siri ya serikali. Mchana ule akawadokeza wenzake wa jukwaa la mafundi, mstari mmoja tu. Kisha akaketi kusubiri.

Uvumi nao ukaanza kazi yake. Wiki ya pili, mtu wa Moshi aliandika kwamba Toleo la Saba litajifunza kwa siku tatu. Wiki ya tano, mwingine alijua rangi zake. Mwezi wa tatu ikaja picha, imefifia, ya kitu kinachofanana na kitufe cha koti, na Hizza akaikuza ukutani akaisoma kama ramani ya hazina.

"Linacheka kwa namna kumi na mbili," alimwambia mkewe. "Imethibitishwa."

"Na nani?"

"Na wengi."

"Wengi ndio nani, bwana wee? Mama yao nani?"

"Subira huvuta heri, Mama Zahoro."

"Basi hiyo heri ina uzito wa treni, maana subira inavuta tangu masika haijafika hata Mombo!" Akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, ameshika ukingo wa meza.

Hizza aliugeukia ukuta. Kuna jambo ambalo hakumwambia, kwa sababu wanaume wa kwao huzungumzia mambo ya bomba na nyaya tu. Alimwoa Mwanjaa kwa ajili ya kicheko chake. Alikisikia uwanjani Manundu, kikipasuka juu ya vichwa vya watu mia tatu, akasahau roboti aliyekwenda kumnunua. Kumpachika mke huyo mashine inayosema "Nimefurahi" aliona ni sawa na kumzika nusu kwa mkono wake. Kwa hiyo alingoja. Huku akingoja, kicheko chenyewe kilikuwa kimekwisha kuwa pumzi, naye alikuwa akitazama picha ya kitufe.

Siku iliyovunja mambo ilikuwa Jumamosi ya mnada. Mwanjaa alikuwa akiuza trekta lisilo na dereva, zee lakini zima, na wanunuzi wawili walikuwa wamekazana hadi jasho. Sheria ya mnada ni ya kale na hakuna kompyuta iliyoibadilisha: mpiga mnada hutamka mara tatu kwa kinywa chake, na bila ya tatu hakuna kilichouzwa.

"Mara ya kwanza!" aliita Mwanjaa. Uwanja ukatulia.

"Mara ya pili..." Ikatoka kama karatasi inayochanwa.

Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, na watu walisikia pumzi tu. Mnunuzi aliyekuwa ameshindwa akaruka juu. "Haijatamkwa! Haijatamkwa! Mnada unarudi!" Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma zaidi. Trekta likarudishwa, na kinyundo cha Mwanjaa akapewa mtu mwingine.

Alishuka jukwaani, akamkuta Hizza kwenye kivuli cha ofisi akisoma habari mpya za Toleo la Saba. Hakumpa nafasi ya kufungua mdomo. Alimshika mkono wa shati, akamvuta hadi duka la wakala, umbali wa mitaa minne, na sauti ikawa imerudi kidogo walipofika.

Nyuma ya meza alikuwapo binadamu, jambo adimu, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Ruzuna.

"Toleo la Saba," alisema Mwanjaa kwa kukwaruza. "Linakuja lini? Nijibu wewe mwenye damu."

Bi Ruzuna alishusha pumzi ya mtu aliyeulizwa hivyo mara elfu. "Dada yangu, hakuna Toleo la Saba. Halipo, halijachorwa, halijafikiriwa. Kiwanda kimehamia kwenye figo."

"Haiwezekani," alidakia Hizza. "Mwitikiaji wenu aliniambia mwenyewe. Nilimuuliza lini, akasema karibu."

"Eh?"

"Nikamuuliza karibu kiasi gani, akasema karibu sana. Tena akarudia: karibuni. Kwa maana ya hivi karibuni."

Bi Ruzuna alifunika macho kwa kiganja. "Kaka. Yule akikosa jibu, anakukaribisha. Ndivyo alivyofunzwa. Ukimuuliza baba yako alikufa lini, atakwambia karibu."

"Lakini alisema karibuni!"

"Kulikuwa na mtu mwingine chumbani?"

Hizza alimgeukia mkewe.

"Alisikia sauti mbili," alisema Bi Ruzuna. "Akawakaribisha wote wawili."

Mwanjaa alikuwa amesimama vilevile, mkono wake bado kwenye shati la mumewe.

"Na mafundi wote wale wa jukwaani?" Hizza aliuliza, sasa kwa sauti ndogo. "Picha? Vicheko kumi na viwili?"

"Makao makuu waliufuatilia ule uvumi, maana umetuulia biashara. Wameurudisha nyuma hadi kwenye mstari mmoja, wa mtu anayejiita Fundi Makini."

Mwanjaa aligeuza shingo polepole. Alikuwa analijua jina hilo. Lilikuwa limeandikwa kwenye kikombe cha chai nyumbani.

"Miezi mitano," alisema. "Umenikalisha miezi mitano unasubiri maneno yako mwenyewe yatoke Moshi yarudi."

Hizza alitoa pochi, akaiweka juu ya meza ya Bi Ruzuna.

Walimpandikiza Toleo la Sita saa nane mchana ule ule. Daktari alipima koo, akawaambia ukweli: siku arobaini hazipo. Aseme kila awezalo, mengi na ya kila aina, mashine isikie. Hizza aliandika orodha ya maneno muhimu, akaibandika ukutani palipokuwa na picha ya kitufe. Lakini orodha haisomeki na mtu mwenye hasira, na Mwanjaa alikuwa na hasira ya miezi mitano iliyopangwa vizuri kama kuni za mvua. Alimgombeza mumewe asubuhi, akamgombeza mchana, akapumzisha koo, akamgombeza tena. Kidude kilisikiliza kwa makini. Siku ya ishirini na tatu, katikati ya neno, sauti ikakatika, na haikurudi.

Mashine ilipoanza kusema, ndipo walipojua kilichorithiwa. "Ondoka mbele yangu" ilitoka kwa sauti ya Mwanjaa, kamili, hata ule mkwaruzo wa mwisho. "Nilikwambia" ilikuwa yake. "Mwanamume gani wewe" ilikuwa yake, yenye mlio wa mnada ndani yake. Lakini "ahsante" ilitamkwa na mwanamke wa kiwandani. "Umekula?" mwanamke wa kiwandani. Simu ilipopigwa kwa mtoto wao Zahoro, aliyekuwa akifanya kazi kwenye migodi ya mwezini, mgeni yule ndiye aliyesema "mwanangu," na upande wa pili kijana akauliza, "Samahani, naongea na nani?"

Mwanjaa alijifunza kunyamaza. Siku nyingi alitumia mikono, au ubao mdogo wa kuandikia. Hakumpenda yule mwanamke, na hakutaka asikike nyumbani kwake.

Ndipo Hizza alipoanza kuharibika tabia. Mtu wa miaka hamsini na minane, mhandisi, alianza kuacha viatu vyenye tope katikati ya sebule. Alitundika taulo bichi kwenye kichwa cha kitanda. Alikunywa maziwa kwenye sufuria. Kila mara sauti ya Mwanjaa ilipasuka: "Nilikwambia! Mwanamume gani wewe!" Naye alisimama palepale na kiatu chake mkononi, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa sauti, hajitetei.

Mwanjaa hakuchelewa kuelewa kwamba mumewe alikuwa akiifuata sauti. Alikuwa ameishi kwa kusoma nyuso za wanunuzi. Akaacha kumgombeza. Taulo likakauka lenyewe juu ya kitanda, tope likageuka vumbi sakafuni, na nyumba ikapitisha siku tisa bila neno.

Siku ya kumi Hizza alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akavipanga. Akanawa mikono. Akakaa kwenye kiti chake bila kugusa chochote, akatazama sakafu. Hakuwa na kosa hata moja.

Mwanjaa alimtazama kwa muda mrefu kutoka jikoni. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akaja akasimama mbele yake, akamwekea kiganja juu ya upara.

"Ondoka mbele yangu," alisema.

Hizza alifumba macho. "Rudia," alisema.