Nani Anahamisha Vigingi?

Kacha-kacha. Kacha.

Msumari alifumbua macho gizani akazuia pumzi. Mlio ule aliujua. Lilikuwa kopo la vifungo, lile la bati lililoachwa na bibi, na kulikuwa na mtu jikoni analitikisa.

"Mama, unatafuta nini?" aliuliza kupitia ukutani.

"Kifungo cha koti. Lala, hakujakucha bado."

Kacha. Kifungo kimoja kilidondoka sakafuni, kikabingirika, kikanyamaza. Msumari alisikia kopo likifunikwa. Hapo ndipo alipopumua.

Chini kabisa ya kopo lile, chini ya vifungo vya mashati, magauni na makoti ya watu waliokwisha kukua, kulikuwa na kipande cha utepe wa njano kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa pale kwa siku kumi sasa, na kila kopo lilipolia, moyo wa Msumari ulilia nalo.

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Msumari aliitwa na mafundi, kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu akiambiwa asimame mahali ashike ncha ya tepu, alisimama wima kama aliyepigiliwa. Mama yake alikuwa msanifu majengo. Asubuhi kabla ya shule, na siku za mapumziko, Msumari alimsaidia kupima. Mama alivuta tepu, ile ndefu ya kitambaa ya meta thelathini, akaenda nayo mbali na kusoma namba. Msumari alibaki nyuma na pete ya chuma iliyo mwanzoni. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, naye aliionea fahari.

Safari hii walikuwa wakipima Nyumba ya Utulivu. Juu ya kilima kilichopakana na mji kulikuwa na mwamba mkubwa. Tangu zamani watu walipanda hapo kukaa kimya: aliyefiwa, aliyeuguliwa, anayetaka kushukuru. Kila mmoja aliomba kwa imani yake, na wote walipumzisha kiganja pale pale, upande mmoja wa mwamba, mpaka jiwe likawa laini kama sabuni. Mvua ikinyesha, wote walilowa. Basi kamati ya mji ikaamua wajengewe nyumba.

Msanifu wa kwanza kuitwa alisema mwamba upasuliwe kwa baruti na kilima kisawazishwe. Kamati ikamshukuru, ikamsindikiza mpaka langoni. Mama alipoitwa, hakuchora hata mstari mmoja kwa mwezi mzima. Alikwenda kukaa kilimani. Aliuliza watu wanasimama wapi, viatu wanavua wapi, maji ya mvua yanapita wapi. Ndipo akachora nyumba iliyopinda kuuzunguka mwamba, yenye sakafu ya kushuka ngazi kwa ngazi kama kilima chenyewe, na mfereji chini ya kizingiti ili maji yasikatiwe njia yao. Kuta zingekuwa na matundu yaliyopangwa kwa nakshi za mikeka waliyosuka bibi zao. Na upande wa mashariki aliacha upenyo mmoja mrefu, mwembamba. Jua likichomoza, mwanga ungepita hapo na kutua juu ya ile sehemu laini ya mwamba.

"Nyumba hii isiukalie mlima," Mama aliwaambia mafundi. "Ikae nao, kama watu wawili kwenye benchi moja."

Siku ya kwanza walipigilia vigingi vyote, na penye ule upenyo wakasimamisha milingoti miwili. Mlingoti wa kwanza ulikuwa meta kumi na mbili kamili kutoka jiwe la mpaka. Kila kitu kilikaa sawa. Halafu Jumanne hii, walipopima tena kabla ya kuchimba msingi, Mama alikunja uso.

"Kumi na mbili na sentimeta ishirini," alisoma. "Mbona umesogea?"

Akasogeza milingoti na vigingi kurudi nyuma sentimeta ishirini. Jumatano asubuhi akapima tena: kumi na mbili na ishirini. Alhamisi, vile vile.

"Kuna mtu anatuchezea," Mama alisema polepole, akitazama huku na huku.

Tangu hapo hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho safi. Mafundi waliacha kutaniana. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alikuja akazunguka vigingi kama polisi. Na Msumari? Yeye alimshuku kila mtu. Alimshuku mchota maji, akamshuku mlinzi, hata mbuzi aliyefungwa nyuma ya uzio alimtazama mara mbili.

Lakini zaidi ya wote alimshuku Fundi Kimya.

Huyu alikuwa mwashi mkuu, na siku nzima angeweza kusema maneno matano, mawili yakiwa "leta tofali". Alifika kazini kabla ya wote. Alikuwa na mfuko wa turubai ambao hakuuacha chini hata akila.

"Mfuko ule una siri," alisema Redio, rafiki yake Msumari wa darasani. Redio aliitwa hivyo kwa sababu habari ikiingia kwake asubuhi, saa nne shule nzima inayo. "Labda ametumwa na yule msanifu wa baruti. Anaharibu kazi ili mama yako afukuzwe."

"Hata mimi nimewaza hivyo hivyo," Msumari alijibu, ingawa hakuwa amewaza hivyo mpaka dakika ile.

"Basi kesho tumvizie."

Ijumaa, mbingu ikianza tu kupata rangi ya majivu, Msumari alitangulia kilimani huku Mama akimfuata nyuma na michoro. Akamkuta Redio amejikunyata nyuma ya lundo la matofali.

"Shuka chini! Yupo!"

Fundi Kimya alikuwa peke yake. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akafungua mfuko, akatoa kamba ya katani iliyojaa mafundo. Akafunga ncha yake kwenye jiwe la mpaka, akainyoosha mpaka mlingotini. Kisha akang'oa mlingoti, akaupigilia upya mbele kidogo, na wa pili vile vile.

"Mwizi wa vigingi!" Redio alipiga kelele, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Tumekukamata!"

Mama alifika anahema, mwenyekiti nyuma yake. Fundi Kimya alikuwa bado ameshika nyundo.

"Fundi," Mama alisema, "kumbe ni wewe?"

"Ndiyo, Bi Msanifu. Navirudisha."

"Unavirudisha wapi?"

"Mahali pake." Akainua kamba. "Siku ya kwanza, kila uliposoma kipimo, mimi nilipiga fundo. Ndivyo alivyonifundisha baba. Juzi nikaona fundo halikutani na mlingoti. Nikajua umekosea kusoma. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu, nikarekebisha mwenyewe."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Mwenyekiti akacheka cheko fupi.

"Kamba ya mafundo ishindane na tepu ya dukani? Fundi, tuheshimiane! Kesho kamati yote inakuja. Kusanya vitu vyako, uje ujieleze mbele yao. Na ukitoka hapa, usitegemee mtu wa mji huu kukupa hata kazi ya kuziba ufa."

Jua likachomoza wakati huo huo. Msumari aliona mwanga ukipita katikati ya milingoti aliyoigusa Fundi Kimya, ukatambaa juu ya nyasi, ukapanda mwamba na kutulia juu ya ile sehemu laini, kama kiganja juu ya kiganja. Mama hakuuona. Alikuwa ameinama anafungua tepu.

"Shika, mwanangu."

Msumari alishika pete. Mama akaenda, akasoma: kumi na mbili na ishirini. Akaurudisha mlingoti nyuma, na mwenzake pia. Mwanga ukahama pamoja nao, ukaiacha ile sehemu laini, ukaangukia kwenye kuvu la kijani pembeni.

Sentimeta ishirini.

Msumari alitazama pete mkononi mwake. Aliutazama uzi wa njano alioishonea kwa mkono wake mwenyewe.

Siku kumi zilizopita alichukua tepu bila ruhusa ili apime anavyoruka mbali uani. Ncha ilinasa chini ya lango. Aliivuta, ikachanika. Basi akaikata kwa mkasi ili isionekane vibaya, akaishona pete mahali papya, na kipande akakificha katika kopo, maana taka zote za nyumbani Mama huziona. Alijiambia ni kipande kidogo tu. Katika meta thelathini, nani angekitafuta? Na vigingi vilipoanza kusogea, alikazana kumshuku mtu ili asiiwaze tepu.

Fundi Kimya alikuwa akifuta mwiko wake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Akautia mfukoni pamoja na pimamaji na kamba yake.

"Endelea kushika vizuri, Msumari," alisema akipita. Hakuwa na hasira wala kejeli. Ingekuwa heri angemfokea.

Msumari alifungua mdomo. Kengele ya shule ikalia bondeni, naye akaufunga mdomo, akakimbia.

Siku ile ilikuwa ndefu. Redio alitangaza, na kufikia mapumziko kila darasa lilijua kwamba Fundi Kimya ni mwizi wa vigingi. Chini ya dirisha la darasa la tatu, msichana mdogo alikaa peke yake na chakula chake ambacho hakukifungua. Alikuwa binti wa Fundi Kimya. Wenzake walikuwa wakimwimbia: "Kigingi! Kigingi!"

"Si umeona?" Redio alisema. "Tumeokoa nyumba."

Msumari aliurudisha mkate wake mfukoni.

Jioni, Mama alikuwa jikoni akikatakata vitunguu. Msumari aliingia, akalishusha kopo la vifungo kutoka rafuni, akalimimina lote mezani. Vifungo vilitawanyika kwa kelele. Katikati yao kulikuwa na kile kipande.

Mama aliacha kisu. Akakichukua, akakinyoosha. Sifuri mpaka ishirini. Akaitoa tepu kwenye begi lake, akaitafuta pete, na kwa mara ya kwanza akasoma namba iliyo karibu nayo. Alikaa chini.

"Kumbe fundo lilikuwa sahihi," alisema.

"Nisamehe, Mama. Nilidhani hakidhuru. Halafu alipoanza kushukiwa Fundi, mimi nikafurahi kumshuku pia, ili…" Machozi yalimkatiza.

"Ili macho ya watu yaende kwake."

Msumari aliitikia kwa kichwa.

Mama alimvuta karibu, vidole vyake vikinuka vitunguu. "Nisikilize. Kila siku naikagua namba ya upande wangu. Ncha yako sijawahi kuikagua hata siku moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu ilishikwa na wewe." Akakikunja tena kile kipande. "Na mimi nimekosa. Nilimkagua mtu kabla ya kukagua kifaa changu. Mtu mwenye miaka thelathini kazini, nikamwona mwizi kwa sababu haongei. Hilo nitamwomba radhi mimi mwenyewe."

"Basi kesho utawaeleza, Mama?"

"Nitawaeleza langu. Lako si langu, mwanangu. Umeniambia mimi, na nimekusamehe. Lakini Fundi ameaibishwa mbele ya watu, na jikoni hapa ni padogo mno kwa neno hili. Watu watapanda kwenye nyumba ile kumweleza Mungu yale wasiyoweza kumweleza mtu. Tukianza msingi wake juu ya jambo tulilolificha, hata tukipatia kila kipimo, itakuwa imepinda. Ukweli ukicheleweshwa, kuna mtu anaubeba kwa niaba yako. Leo aliyeubeba ni Fundi, na mtoto wake."

"Naogopa."

"Ogopa tu. Nitasimama karibu."

Jumamosi kilima kilijaa. Wajumbe wa kamati walikaa kwenye mabenchi, mafundi wakasimama kando. Fundi Kimya alikuja na mfuko wake begani na binti yake ameshika suruali yake. Redio naye alikuwepo, mbele kabisa, masikio wazi.

Mama alitoa tepu mpya aliyoazima. Akamwomba mwenyekiti mwenyewe ashike ncha kwenye jiwe la mpaka, akapima mpaka mlingotini.

"Kumi na moja na themanini," alisoma. "Fundi, tafadhali, kamba yako."

Fundi Kimya aliinyoosha kamba ya mafundo. Fundo lilipita mlingoti na kutua mbele yake, juu ya kitundu cha zamani. Mama alipima mpaka pale. Meta kumi na mbili kamili.

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye majani makavu. Mama alimgeukia mwashi, akainamisha kichwa. "Fundi, ulikuwa sahihi, nami nilikutilia shaka. Naomba radhi mbele ya wote hawa. Kazi hii haiwezi kwenda bila wewe."

"Subirini kwanza!" Mwenyekiti alisimama, ameshika kiuno. "Hesabu ya tepu ile ya kwanza iliharibikaje? Tepu haijiharibu yenyewe. Hapa bado kuna mtu!"

Macho yakaanza tena kutembea. Yakampita mlinzi, yakamrudia mchota maji, yakamshukia yule msichana mdogo aliyejificha nyuma ya suruali ya baba yake.

Msumari alitoka kando ya Mama, akaenda mpaka kwenye jiwe la mpaka, mahali alipozoea kushika ncha. Akasimama wima.

"Tepu niliikata mimi."