Risasi za Bunduki ya Babu

Haya yalimpata rafiki yangu Orrin Stahl, seremala wa huku kwetu milimani Pennsylvania, juma moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Alikuwa na bunduki ya marehemu babu yake, ya aina ambayo viwanda viliacha zamani kuitengenezea risasi, kwa hiyo alijitengenezea mwenyewe katika chumba cha chini ya nyumba. Alipima baruti, akaitia kwenye ganda, kisha akashusha mpini wa mashine ya mkono kukaza kichwa cha risasi.

Mchana mmoja alikuta mezani risasi kamili ambayo hakuitengeneza yeye. Akamshuku Delmar, kaka wa mkewe, mtu wa mizaha aliyekuwa amewatembelea siku hiyo. Haikumchekesha hata kidogo, maana baruti ikizidi, bunduki humlipukia mtu usoni.

Akaketi kuendelea. Mara theluji nzito iliyokuwa ikianguka nje ikaangusha nyaya, umeme ukakatika, na chumba kile kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Orrin akarudi nyuma hadi ukutani, asije akamwaga baruti gizani. Ndipo aliposikia mpini ukishuka, krrr, tak, ukapanda, kisha ukashuka tena.

"Shemeji, toa mkono hapo! Utaniua!"

"Mkono gani?" Delmar akajibu kutoka jikoni, juu. "Mimi nakula pai ya dada yangu huku. Unagombana na nani?"

Mpini ukanyamaza. Orrin hakusogea mpaka umeme uliporudi. Mezani palikuwa na risasi mbili mpya, zimekazwa vizuri kuliko zake. Akaugusa ule mpini wa chuma, katika baridi yote ile, akaukuta una joto la kiganja.