Kigingi cha Nyuma ya Reli

Jioni ile, mvua ilipokatika, Mbelu alimfunga mtoto mgongoni akatoka kutafuta makala, makaa ya kupikia. Hivyo ndivyo alivyomwambia jirani yake Sylvie, mke wa askari, aliyekuwa akikaanga mikate mbele ya nyumba.

"Makala?" Sylvie alicheka. "Na hii yangu iko nini, mihogo?"

"Yako iko na moshi kama locomotive ya zamani."

"Basi enda, Mama Mapasa. Ukipotea, minyi nitaolewa na Dany, bwana yako!"

Mbelu alijilazimisha kucheka. Hakuwa akitafuta makala. Alikuwa akitafuta kipande cha mti, kifupi kuliko mkono wa mtu, laini, chenye kichwa. Na ilimpasa akipate kabla Mama Nkulu, mama wa mume wake, hajarudi kutoka shambani.

Hapa inafaa majina yasemwe sawasawa. Kwa Baluba wa Katanga, mapasa, yaani mapacha, hawachaguliwi majina. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange, wawe wa kiume au wa kike. Mbelu mwenyewe ni wa Kasai, na kwao wangeitwa Mbuyi na Kabanga. Lakini watoto walikuwa wa ukoo wa baba yao, Dany, askari wa base ya jeshi ya Kamina aliyekuwa ametumwa Mashariki mwa nchi. Na Dany ni mwana wa Mama Nkulu wa Sanga, kando ya ziwa Kisale.

Kyungu alikuwa mtulivu. Kabange alilia usiku na mchana, kwa hiyo Kabange ndiye aliyenyonyeshwa kwanza, kila mara. Mbelu alimtazama Kyungu amelala, akamshukuru Mungu kwa mtoto mmoja asiyesumbua.

Kabla kitovu hakijakauka, Kyungu alilala asiamke.

Hakuna aliyelia. Pacha haliliwi, watu husema amerudi tu alikotoka. Mama Nkulu alituma watu Sanga, na fundi wa huko akachonga mti wenye kichwa na tumbo. Tangu siku ile mti ule ukawa Kyungu. Kabange akiogeshwa, Kyungu naye aliogeshwa. Kabange akipakwa mawese, Kyungu naye. Mbelu akimaliza kunyonyesha, alipaswa kuugusisha ule mti kwenye titi la kulia, la Kyungu, hata kama macho yalikuwa yanafumba kwa usingizi. Asubuhi Mama Nkulu aliwasalimia wote wawili kwa majina: "Kyungu, Kabange, jambo yenu." Asiposalimiwa mmoja, alisema, humwita mwenzake amfuate.

Katika kanisa lao Mbelu aliambiwa kwamba ule mti ni sanamu. Lakini si kanisa lililoutia motoni. Siku ile mvua ilinyesha tangu mchana, makala yalikuwa yamelowa, Kabange alijikunja kwa maumivu ya tumbo na maji ya moto hayakuwepo. Mbelu alipuliza mbabula, jiko la makaa, mpaka machozi yakamtoka. Kisha akautazama ule mti pale mkekani, umetulia vilevile, kimya vilevile, kama Kyungu alivyokuwa akimtazama bila kudai kitu.

Akautia.

Uliwaka vizuri. Maji yalichemka. Moshi wake ulinuka maziwa yaliyoungua.

Ndiyo sababu sasa alikuwa akitembea haraka kupita nyumba za mwisho, akavuka reli, akaingia kwenye majani marefu. Kabange alikuwa akilia mgongoni tangu walipotoka. Mwanga ulikuwa unakwisha. Alipochutama kutazama chini, alikiona: kigingi kilichopigwa ardhini, kichwa chake kikiwa laini, cha mviringo, kana kwamba mikono mingi imekishika. Cha kufungia mbuzi, alijiambia.

Alivuta. Hakikutoka.

Alivuta tena. Alihisi kama kuna mtu anayekivuta kutoka upande wa pili... si kwa nguvu, kwa kung'ang'ania tu. Kisha kikaachia, kikatoka kama jino.

Na Kabange akanyamaza.

Kwa mara ya pili katika maisha yake ya umama, Mbelu alishukuru kwa kimya.

Nyumbani alikifuta matope, akakipaka mawese, akakifunga katika kitambaa cha Kyungu. Mama Nkulu alirudi na mzigo wa majani ya mihogo. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, naye aliwaogesha watoto zaidi kwa vidole kuliko kwa kuona. Alimwogesha Kabange. Akafungua kitambaa. Vidole vyake vikasimama. Akavipeleka puani.

Mbelu alisubiri.

Mwanamke mzee alishusha mkono. Aliendelea kumwaga maji, polepole, mpaka mwisho. Lakini asubuhi, aliposimama mbele ya mkeka, alisema:

"Kabange, jambo yako." Akainamia kitambaa. "Na weye."

Na weye. Hakutaja jina.

Siku zilizofuata, nyumba ilikuwa na amani ambayo mzazi yeyote mwenye mtoto mchanga angeitamani. Kabange hakulia tena. Alinyonya kidogo, akaliacha titi, akageuza uso kama mgeni mwenye adabu anayeacha chakula kwa ajili ya mwingine. Mbelu alilala. Alikuwa amesahau usingizi ulivyo mtamu. Alipoamka alikuta kitambaa cha mti kimelowa upande wa juu, pale ambapo mtoto angekuwa na mdomo. Kilinuka maziwa yaliyochacha. Alikifua, akakianika, hakumwambia mtu.

Kwenye dispensaire, yaani zahanati, walimpima Kabange. Muuguzi aliutazama mzani, akamtoa mtoto, akamrudisha tena.

"Mama, huyu ananyonya?"

"Ananyonya."

"Anashuka. Mwezi huu alipaswa kupanda."

Mbelu alirudi kwa pikipiki, mtoto mwepesi kifuani. Alijua. Hata kabla ya mzani alijua, kwa sababu mikono ya mama hupima. Lakini kusema kuhusu Kabange kulimaanisha kusema kuhusu moto, na kusema kuhusu moto kulimaanisha kusema kuhusu Kyungu aliyekuwa akinyonyeshwa wa mwisho.

Sylvie alikuja kutembea na bakuli la mikate. Alimchukua Kabange, akambusu, kisha kwa kujua desturi ya nyumba ile akanyanyua na kitambaa cha pili.

"Eee! Huyu wa muti njo iko muzito kupita mwenzake! Unamukulisha nini, Mama Mapasa? Fufu?"

Alicheka. Kisha kicheko kikamkauka. Akakirudisha kitambaa mkekani taratibu, akapangusa kiganja kwenye kikwembe chake.

"Iko na moto," alisema kwa sauti ndogo. "Juu ya nini iko na moto?"

Hakumaliza mkate wake. Kuanzia siku hiyo aliwasalimia akiwa kwake.

Ikaja jioni ambayo Mama Nkulu alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Mbelu aliwalaza wawili kwenye mkeka, akatoka nyuma kuanua nguo. Jua lilikuwa limezama. Upande wa stesheni treni ya mizigo ilipiga honi, ndefu, ya uchovu.

Honi ilipokwisha, alisikia mtoto analia.

Maziwa yakashuka. Mama yeyote analijua jambo hilo: titi husikia kabla ya akili. Titi la kulia tu, likalowesha blauzi. Akaacha nguo matopeni, akakimbia ndani.

Kabange alikuwa amelala. Midomo yake ilikuwa imefungwa, imekauka, imepauka.

Kilio kikaja tena.

Kilikuwa hapo hapo mkekani.

Si kilio cha hasira. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyelia sana, mahali fulani, muda mrefu, bila mtu kuja, na sasa anajaribu mara moja zaidi...

Mikono ya Mbelu ilikifungua kitambaa. Kichwa cha kigingi kilikuwa kimelowa. Juu yake, tone jeupe.

"Usimutie kwa maziba."

Mama Nkulu alikuwa amesimama mlangoni, akimkataza kukipa titi.

Mbelu alipiga magoti. "Mama... hii haiko Kyungu."

"Najua."

"Kyungu nilimuchoma. Mu mbabula. Makala ilikuwa na mayi, Kabange alikuwa analia, nilichoka, Mama. Nilichoka na bote babili. Na kule mbele, wakati Kyungu alikuwa muzima, nilikuwa namunyonyesha wa mwisho. Njo minyi nilimurudisha."

Alilia sasa, kilio ambacho alikuwa amekatazwa. Mwanamke mzee aliketi karibu naye, magoti yakilia.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Kyungu alikuwa ananuka muti na mafuta. Huyu ananuka udongo."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Haiko minyi niliuchoma," alijibu Mama Nkulu. Kisha, chini zaidi: "Na niliogopa. Unanyang'anya kintu kama hiki mikononi ya mama, na kama kinamukamata mutoto na kuenda naye? Ilikuwa lazima mama mwenyewe aseme. Ulikitosha wapi?"

"Nyuma ya reli. Fasi ya mbuzi."

Mama Nkulu aligeuza uso upande wa reli.

"Kule hakuna muntu anafunga mbuzi."

Alisema maneno yaliyobaki bila kumtazama. Kwamba mwaka wa 1992 na wa 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, wengi walikwama hapa Kamina wakingoja treni. Walilala kando ya reli na masanduku yao, na mvua juu yao. Watoto wachanga walikufa. Wazazi waliwazika pale pale, wakapiga kijiti ardhini ili wakirudi wapajue. Treni ikaja, wakapanda. Wengi hawakurudi.

"Bijiti bya ile wakati, muchwa ulibikula zamani," alisema. "Hii yako inatoka wapi nzima, minyi sijue."

Nje, mwanga ulikuwa umebaki kidogo.

"Tulikuwa tunasikia batoto banalia, mangaribi kama hii," Mama Nkulu alisema. "Tulikuwa na maji. Tulikuwa na moto. Tulifunga mulango."

Mbelu alimtazama. Baba yake mwenyewe, karani, alikuwa mmoja wa waliolala kando ya reli ile. Alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi Kamina baadaye. Kama aliacha kijiti huko, hakuwahi kusema.

Walitoka wote wawili mara moja, Kabange mgongoni mwa Mama Nkulu, kigingi mikononi mwa Mbelu. Kilikuwa kizito kama mtoto aliyeshiba. Sylvie aliwaona wakipita, hakutania. Nyuma ya reli waliwasha taa ya simu, wakatafuta tundu. Hapakuwa na tundu. Mvua ilikuwa imeufunga udongo, na majani yalikuwa yamesimama pande zote kana kwamba hapajang'olewa kitu.

"Muite jina," Mama Nkulu alinong'ona.

"Sijue jina yake."

"Basi mwambie vile."

Mbelu alikichomeka kigingi mahali ambapo udongo ulikubali. Akakamua titi la kulia, matone yakaanguka, ardhi ikayanywa. Akaongea kwa Tshiluba, lugha ya mama yake, ambayo mtoto wa Kasai angeielewa. Akasema hajui anaitwa nani, wala mama yake yuko wapi. Akaomba msamaha kwa kumtoa alikolala, na kwa kumrudisha.

Mgongoni mwa bibi yake, Kabange alilia. Kwa nguvu, kwa njaa, kwa hasira. Hakuna sauti iliyowahi kumfurahisha Mbelu namna ile.

Kyungu mwingine alichongwa Sanga. Mbelu humpa titi yeye kwanza, kabla ya Kabange, hata Kabange akipiga kelele. Asubuhi Mama Nkulu husema, "Kyungu, Kabange, jambo yenu." Kwenye dispensaire mzani umepanda. Kabange ameota jino, ameanza kutambaa, na anakula udongo kama watoto wote.

Jambo moja tu. Mara moja, mchana kweupe, Mbelu alikwenda nyuma ya reli kutazama. Kigingi hakikuwepo. Labda mchwa. Labda mtu mwingine, mwenye mbuzi kweli.

Na kila jioni honi ya treni inapokwisha, hata Kabange akiwa ameshiba na amelala, maziwa ya titi la kulia hushuka yenyewe na kulowesha nguo. Sylvie, ambaye ameanza kutania tena, husema ni baraka, maziba mingi.

Juzi Mama Nkulu aliinuka saa hiyo, kama afanyavyo kila siku, kwenda kufunga mlango. Aligeuka, akaiona blauzi ya mke wa mwanawe imelowa. Mkono wake ukabaki kwenye komeo. Nje, chini chini, karibu na kizingiti, kitu kilikuwa kikikwaruza matope.

"Acha, Mama," Mbelu alinong'ona.

"Mbelu..."

"Acha kwanza."

Na mlango ukabaki wazi, upana wa mtoto anayetambaa.