Nyaya Mbili za Mejumaa

Haya yamemfika shoga yangu Mejumaa, karani wa ghala moja Mbaraki, na mpaka leo huyasimulia kwa hasira. Bosi wake Oliver, kitambi mbele, alinunua kidude cha kuiendesha kompyuta ya ghala akiwa nyumbani kwake. Fundi Charo akashauri kiungwe kwa waya wa mtandao wa ofisi. Oliver akang'ang'ania waya wa simu.

"Na barua zikifutika tena humu kompyutani, Mejumaa, kazi huna."

"Sikufuta mimi, bwana. Nina wazimu?"

Nyaya zote mbili alizishika Mejumaa mikononi, hazijachomekwa; wanaume wakingali wanabishana, stima ikapotea. Ghala halina dirisha. Gizani vitufe vya kompyuta vikalia, ta, ta, ta. Oliver alikuwa mlangoni akifoka, Charo juu ya ngazi, na mtu wa nne hakuwamo.

Stima iliporudi, kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa: "Mejumaa hakufuta. Nafuta mimi."